Jovina Alipokula Moyo wa Ng'ombe

Mwezi uliopita daktari alinilaza ubavu, akanipaka kifuani dawa ya baridi inayoteleza kama mlenda, akapitisha kifaa chake, na kwenye kioo cha pembeni nikauona moyo wangu. Ulikuwa unachapa kazi bila kujali kwamba mwenyewe naangalia. Vali zilifunguka na kujifunga, vijipande vyembamba vyeupe, na daktari akawa ananionyesha kwa kidole: huku damu inaingia, huku inatoka. Nikaanza kucheka. Akaniambia nitulie, picha inatikisika. Nikajikaza, nikashindwa, ikabidi aweke kifaa chini anisubiri. Akauliza kuna nini. Ningemwambiaje? Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nilikuwa nachungulia vile vyumba vinne kimoja baada ya kingine, namtafuta Jovina.

Ili unielewe, lazima kwanza ujue kwamba ukoo wetu hauli moyo. Kwetu kila ukoo una omuziro wake, yaani mwiko, kitu ambacho mtu wa ukoo huo hakitii mdomoni. Wengine wamepewa mnyama fulani wa porini ambaye hata ukitaka kumla humpati, wakapona. Sisi tulipewa moyo. Wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kondoo, mpaka ule wa kuku ulio sawa na punje ya haragwe. Siku ya kuchinja mbuzi, kabla nyama haijaingia jikoni, Babu aliutoa moyo, akaufunga kwenye kipande cha jani la mgomba, na mimi ndiye niliyetumwa kuupeleka kwa jirani. Mama, ambaye alizaliwa ukoo usio na ugomvi wowote na moyo, alisimama mlangoni akiusindikiza kwa macho mpaka nipotelee kwenye migomba. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na Jumapili baada ya Jumapili alihubiri kwamba miko ya koo ni mambo ya giza. Lakini moyo hakula. Ukimuuliza alisema haupendi tu, una ladha ya chuma. Ladha hiyo aliionja lini, hatukuthubutu kuuliza.

Adhabu yake Bibi alitusimulia tukiwa wadogo, tena kwa raha. Mtu wa kwetu akila moyo, meno yanang'oka moja moja, yakiisha meno mwili unatoka mabaka, na baada ya mabaka Bibi hakuendelea, alitikisa kichwa tu.

Sasa darasa la sita tukaletewa Mwalimu Novatus. Alitoka Muleba, na alikuwa na koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka la kupasua mawe, kwa sababu, alisema, mwalimu wa sayansi bila koti ni sawa na padri bila kanzu. Wahaya tuliwajua kwa majivuno, tukajiandaa kumcheka. Tulipofika mada ya moyo na mishipa ya damu, tukaacha kumcheka.

Hakuchora ubaoni. Alitutoa nje, akamwaga majivu ya jikoni uwanja mzima, mistari na vyumba. Katikati vyumba vinne: viwili vya juu akaviita auriko, viwili vya chini ventriko, na ukuta mnene kati ya kulia na kushoto. Goli la upande wa bustani likawa mapafu, goli la upande wa barabara likawa mwili. Sisi tukawa damu. Tulitoka ventriko ya kulia mbio mpaka mapafuni, ambako Jovina alikuwa amesimama na rundo la majani mabichi, akimpa kila mmoja jani lake, ndiyo hewa ya oksijeni. Tukarudi nalo moyoni kwa mlango wa kushoto, tukashuka ventriko ya kushoto, tukatimka kwenda mwilini kukabidhi jani, kisha tukarudi mikono mitupu kwa njia ya vena mpaka upande wa kulia tena. Kwenye mlango wa kila chumba alisimama mvulana wa kuwa vali. Kwenye mlango wangu alisimama Respicius, aliyekuwa mnene kuliko shule nzima. Ndala yangu ilinichomoka nikavuka mlango bila hiyo, ikabaki nyuma, nikageuka niifuate. Respicius akanisukuma nikaenda chini kwa magoti. "Damu hairudi nyuma!" Mwalimu akapiga kelele kwa furaha. "Mmeona? Mmeona kazi ya vali?" Mimi niliiona vizuri kuliko wote, kovu lake ninalo.

Halafu akasema jambo ambalo lilinikaa. Damu ya mtu aliyetulia, akasema, inazunguka mwili mzima na kurudi moyoni kwa kama dakika moja tu. Nikatazama saa ya mkononi mwake. Dakika moja! Mimi kutoka nyumbani mpaka kisimani nilitumia nusu saa, na nilikuwa nakimbia.

Jovina niliyemtaja ndiye niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Baba yake alikuwa na duka pale senta, watu wa Bukoba, na nyumbani kwao walikunywa chai ya maziwa hata siku ambayo hakuna mgeni. Alikuwa na akili za kutisha. Alijua jibu kabla swali halijaisha, lakini alinyoosha mkono taratibu ili asituaibishe. Penseli yake akiikata katikati, nusu yangu. Nilimpenda kwa jinsi ambayo sikuwahi kumpenda hata dada yangu, na nasema hivyo dada yangu akisoma.

Wiki ile ile ya majivu akaniambia kwamba baba yake anahamisha duka kwenda Rugu. Wanahama wote, Jumamosi ya wiki inayofuata. Aliniambia tukiwa tunamenya mihogo ya shule, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayesema kesho kuna mvua. Kwangu mimi Rugu ilikuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa lazima upande gari, na sisi kwetu gari lilipandwa na wagonjwa tu. Nililia mpaka kisu nikakiweka chini, mpishi akanifukuza jikoni akisema nitatia chumvi mihogo ambayo tayari ameitia.

Ndipo nikakumbuka omukago, undugu wa damu.

Babu alikuwa na ndugu yake wa kuchanjiana, mzee mmoja wa Songambele aitwaye Rwiza. Zamani watu waliopendana bila kuzaliwa pamoja walifanyiwa hivyo, wazee wanaita kunywana. Mnachukua tunda moja la kahawa, ndani yake mna punje mbili zilizokaa zikitazamana. Kila mmoja anajichanja karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye punje moja, mnabadilishana, mnameza. Kuanzia hapo ninyi ni wa tumbo moja. Hamnyimani, hamsemani, hamkimbiani, na atakayevunja tumbo litamvimba. Babu akishapata rubisi kidogo, pombe yetu ya ndizi, alipenda kusimulia jinsi Rwiza alivyokuja siku moja akaomba beberu, na beberu alikuwa mmoja tu, na yeye Babu akafungua kamba bila kuuliza. Mwaka uliofuata Babu akatembea kwa mguu mpaka Songambele, akarudi amepanda baiskeli ya Rwiza. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Basi Jumamosi nikampeleka Jovina kwenye kibanja chetu, katikati ya mibuni ambako majani ni mengi na watu hawaoni. Nilikuwa nimeyapanga yote. Nilichuma tunda jekundu lililoiva sawasawa, nikalibinya, punje mbili zikachomoka na utelezi wake. Nikamwonyesha. "Angalia. Kulia na kushoto, na ukuta katikati. Hii si kahawa, ni moyo." Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba wazee wetu walichagua kahawa kwa sababu walikuwa wamekwisha kusoma mada ya Mwalimu Novatus. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: damu yake nikiimeza itaingia kwenye yangu, dakika moja itakuwa moyoni, na hata akienda Rugu atakuwa anapita kifuani kwangu kila dakika mpaka tuzeeke.

Wembe Jovina aliukataa. Alisema tumefundishwa kutochangia wembe, akanituma nikavunje miiba miwili ya mchungwa, wake na wangu. Kitovuni tulishindwa, kwa sababu nilipomgusa tumbo alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema basi kidole, damu ni ile ile. Nikajitoboa mara moja, nisije nikaogopa, damu ikatoka tone zuri la duara, nikalipaka kwenye punje na kunyoosha mkono. Jovina alifungua mdomo kama anayetaka kusema kitu. Akaufunga. Akachukua mwiba wake.

"Nikikunyima, tumbo linivimbe," nikasema.

"Nikikunyima, tumbo linivimbe," akasema.

"Nikikusema kwa watu, tumbo linivimbe."

"Tumbo linivimbe."

Tukameza. Alikunja uso kama mtoto aliyepewa kwinini. Mimi nilifumba macho nikaanza kuhesabu moja mpaka sitini, mkono kifuani. Nilipofika sitini nikafumbua.

"Umefika," nikamwambia.

"Nani?"

"Wewe."

Akacheka, akanikumbatia, na nakwambia kweli kabisa, siku tatu zilizofuata nilitembea polepole ili nisimtikise.

Jumanne Mwalimu Novatus akaingia darasani na ndoo iliyofunikwa jani la mgomba. Akalifunua. Ulikuwa moyo wa ng'ombe, mzima, mkubwa kama kichwa cha mtoto, na mafuta yake ya manjano juu na mirija imesimama. Darasa zima lilivuta pumzi. Mimi nilirudi nyuma mpaka ukutani.

"Koku, njoo ushike."

"Mwalimu, sisi kwetu ni mwiko."

"Waitu," akasema, neno la Kihaya la kumbembeleza mtu, "nimekwambia ushike, nimekwambia ule?"

Nikashika kwa ncha za vidole viwili. Ulikuwa mzito na wa baridi. Akatia maji kwa kikombe kwenye mrija mmoja mnene, ule aota, akasema tuangalie kama yatashuka ndani. Hayakushuka. Vali zilikuwa zimejifunga, na yule ng'ombe amekufa tangu asubuhi! Kisha akaupasua. Tukaona vyumba vyenyewe, tukaona vijikamba vyeupe vinavyoshikilia vali zisipinduke, nyuzi kabisa, kama kuna mtu amekaa mle ndani akashona. Upande wa kulia ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa kushoto ulikuwa mnene kuliko kidole gumba.

"Kwa nini?" akauliza. "Fundi yule yule, nyumba ile ile, kwa nini ukuta huu ni mnene na huu mwembamba?"

Mkono wa Jovina ukapanda taratibu.

"Kwa sababu ventriko ya kulia inasukuma damu mpaka mapafuni tu, ni jirani. Ya kushoto inasukuma mpaka kwenye vidole vya miguu."

Mwalimu Novatus alimtazama kama mtu aliyepewa ng'ombe. "Nyama haitupwi," akatangaza. "Mapumziko, aliyejibu vizuri aje nyumbani kwangu."

Nilijua na sikujua. Nilimfuata Jovina mpaka kwenye ua wa nyumba ya mwalimu, mkewe akiwa na jiko la mkaa, na harufu, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri mno. Wakampa Jovina kipande kimoja kwenye sahani, na chumvi na pilipili pembeni. Nilitaka kupiga kelele, lakini mbele ya mwalimu na mke wa mwalimu utasemaje? Nikamkonyeza. Akadhani namtania, akanikonyeza naye. Akakitia mdomoni, akatafuna, akameza, akalamba na kidole.

Nikaanza kuhesabu moja mpaka sitini, safari hii bila furaha.

Fikiria kwa akili ya mtoto wa darasa la sita aliyesikiliza vizuri. Damu yangu, ya ukoo usiokula moyo, ilikuwa ndani ya Jovina. Moyo wa ng'ombe umeingia ndani ya Jovina. Kwa hiyo damu yangu imekula moyo. Na damu yake, iliyokula moyo kwa raha na pilipili juu, imo ndani yangu. Niligeuza jambo lile upande huu na upande ule, sikuona pa kutokea. Mle moyoni kulikuwa na Respicius wa kuzuia, lakini Respicius anazuia damu kurudi nyuma tu, hajui nani amekula nini.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa nakula kiporo cha ndizi na maharage, nikasikia kitu kigumu. Nikatema mkononi. Lilikuwa jino. La nyuma, upande wa kushoto, zima.

Sikulia. Hofu yenyewe ilikuwa kubwa kuliko machozi. Nililiosha, nikaliweka kwenye mkebe wangu wa hesabu pamoja na bikari, na kuanzia hapo nikaanza kuyatunza yaliyobaki. Nilikunywa uji tu. Mahindi ya kuchoma niliyakataa, jambo lililomfanya Bibi anishike paji la uso. Nilizungumza midomo imebanwa. Jioni kwenye sala ya nyumbani Baba alianzisha wimbo, nikaimba kwa pua, akanitazama katikati ya ubeti kwa jicho la kunihesabia dhambi.

Alhamisi nikamfuata Babu. Alikuwa anaanua kahawa kwenye mkeka, nikakaa nimsaidie.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mwanangu. Mbona unaongea kama umeng'atwa na nyuki?"

"Babu, kama watu wamenywana, halafu mmoja akala omuziro wa mwenzake, nani anang'oka meno?"

Babu aliacha kukusanya kahawa. "Kwa nini mmoja ale, mwingine ang'oke?"

"Kwa sababu damu imechanganyika. Mwalimu Novatus amesema inazunguka kila dakika. Inapita moyoni, inatoka, inarudi."

"Kila dakika?"

"Kila dakika, Babu. Hata ukilala."

Nikaona ulimi wake unatembea ndani ya shavu, unapita kwenye meno yake manne, moja, mawili, matatu, manne, unarudi. Babu alikuwa na meno manne tangu nimfahamu, na sikuwahi kujiuliza mengine yalikwenda wapi.

"Rwiza," akasema taratibu, "alipenda sana moyo wa mbuzi."

Tukatazamana.

"Ukichinja kwake, cha kwanza ni moyo. Anauchoma mwenyewe, hampi hata mkewe. Mimi nimekaa pale pembeni nakunywa rubisi, nacheka naye!" Akaweka mkono kifuani kama anayemsikiliza mtu chumba cha pili. "Miaka yote hii. Kila dakika!"

Nilikuwa nimekwenda kutafuta mtu wa kuniondolea hofu, nikamwambukiza mzee wa watu. Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema ipo, moja tu. Unamwita mwenzako mbele ya watu, unamkana. Unasema, mimi na wewe basi, kahawa yako nimeitapika. Kuanzia hapo hamjuani, hata maji ya kunywa hamuombani.

"Na wewe utamkana Rwiza?"

Babu alipitisha tena ulimi. Alifikiri kweli, sitanii, alifikiri kwa muda wa kutosha kujaza debe.

"Yamebaki manne," akasema mwisho. "Nimkane Rwiza kwa ajili ya manne?"

Kwake ilikuwa rahisi. Mimi nilikuwa na zaidi ya ishirini, na maisha yote mbele ya kutafunia. Ijumaa njiani kwenda shule nilifanya mazoezi ya kumkana Jovina. "Mimi na wewe basi," nikauambia mgomba. Mgomba ukatulia. "Kahawa yako," nikaendelea, na hapo sauti ilikatika kila nilipojaribu. Kesho yake alikuwa anaondoka. Nilimwona kichwani mwangu akipanda lori akijua kwamba mtu aliyekaa naye dawati moja miaka mitatu hataki hata kumpa maji. Nikasimama pale na mkebe wangu mkononi, jino likigongana na bikari. Nilitaka meno yangu, na nilimtaka Jovina.

Nikaenda kwa Mwalimu Novatus ofisini kabla ya kengele. Nikamwagia jino mezani, juu ya maandalio yake ya somo, nikamweleza yote: kahawa, miiba, moyo wa ng'ombe, pilipili, Babu na Rwiza. Alinisikiliza akiwa ameshika mdomo. Nilidhani anasikitika. Baadaye nikaona mabega ya koti yanacheka.

"Fungua mdomo," akasema. Akanipeleka dirishani, akachungulia. "Hili lilikuwa jino la utoto. La ukubwani hili hapa linachungulia. Kila mtoto darasani kwako linamtoka."

"Lakini damu, Mwalimu."

"Damu uliimeza au ulichomwa sindano?"

"Nilimeza."

"Basi sikiliza. Mishipa ya damu ni njia iliyofungwa. Kutoka moyoni kwa ateri, kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele, kurudi kwa vena, hakuna mlango wa kumwaga damu ya mtu mwingine kutokea tumboni. Ukimeza damu ni sawa na kumeza mchuzi. Inasagwa, inavunjwavunjwa, mwili unachukua lishe yake, mabaki unajua mwenyewe yanakotokea. Damu ya Jovina haikufika moyoni mwako hata tone. Wala yako kwake. Ale moyo, ale ini, ale chochote, wewe hayakuhusu. Umepona."

Nilimshukuru. Nilipiga goti kabisa, kama tulivyofundishwa. Nikachukua jino langu, nikatoka, nikatembea mwepesi mpaka kwenye mlingoti wa bendera, na pale kwenye mlingoti nikaelewa alichoniambia. Nikarudi mbio.

"Mwalimu, kwa hiyo hayumo?"

"Nani hayumo?"

"Jovina. Hayumo hata kidogo?"

Na hapo nikalia kwa sauti, kamasi na yote, mwalimu mkuu akafungua mlango wa chumba chake akatazama na kuufunga. Mwalimu Novatus alistaajabu. "Waitu, nimekuponya, unalia nini tena?" Kisha nadhani akaona, maana alivua miwani akaifuta kwenye lile koti. Angeweza kunidanganya, na mtu mwingine angenidanganya. Yeye alikuwa mwalimu wa sayansi.

"Kwenye damu," akasema kwa upole, "hayumo."

Akapekua mifuko, hakuwa na pipi, akanipa kipande cha chaki.

Jumamosi nilikuta lori limesimama mbele ya duka, limejaa rafu, magunia na kitanda kilichopinduliwa. Nikamsalimia baba yake, nikampokea mama yake sufuria. Njiani nilikuwa nimekata shauri: Jovina simwambii. Aende Rugu akiamini. Angalau mmoja wetu abaki na mwenzake kifuani, na kama ni mmoja basi awe yeye, kwa sababu ndiye anayekwenda ugenini. Lilikuwa jambo kubwa la kiutu uzima, na niliweza kulishikilia kwa muda kama wa kuteka ndoo moja.

"Una nini?" akaniuliza. Tulikuwa tumekaa juu ya kreti za soda zilizokuwa zinasubiri kupakiwa. "Wiki nzima hufungui mdomo."

Nikafungua. Kwanza akaliona pengo, halafu yakatoka mengine yote. Nikamwambia kuhusu omuziro na moyo wa ng'ombe, na kwamba Mwalimu amesema tumemeza mchuzi tu. Nikamwambia njia imefungwa, hakuna mlango, hajafika kwangu na mimi sijafika kwake, na kwamba nilitaka kunyamaza lakini nimeshindwa, anisamehe. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu. Jovina hakushtuka. Nikageuka kumwangalia, na sikupenda nilichokiona.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

"Eee."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Chakula kinavyosagwa tulisoma darasa la tano, Koku. Ulikuwa mgonjwa wiki ile."

Baba yake akamwita apande. Jovina akasimama, akakung'uta sketi, akapiga hatua mbili kuelekea kwenye lori. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto.

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulimeza?"

Akageuka akanitazama kwa mshangao, yeye aliyejua kila jibu, kana kwamba hili ndilo swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kumuuliza.

"Ulikuwa umeshajitoboa," akasema. "Umeshanyoosha mkono, damu inadondoka. Ningekuacha umesimama hivyo hivyo?"